Muulize Bi Konda: Nimehamia Kigamboni, nipite pantoni au darajani?

Barua za safari hii nyingi zimetoka ng'ambo ya Magogoni, na nyingine zinauliza habari za treni. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: nilianza kukata tiketi kwenye mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, enzi za Ikarus, yale marefu yenye kiungo katikati, kisha serikali iliporuhusu watu binafsi mwaka 1983 nikahamia daladala, nikakaa mlangoni mpaka magoti yakakataa. Sasa ni abiria kama ninyi. Gari sina na sitaki kununuliwa.

*

Bi Konda, shikamoo. Tumejenga Kibada, tumehamia juzi juzi na mtoto mchanga. Mimi nafanya kazi Posta, mume wangu yuko Ubungo. Majirani nusu wanasema pantoni, nusu daraja. Nafika ofisini nimechoka kabla sijawasha kompyuta. Tupite wapi? — Mama Kibada

Marahaba, mwanangu, na hongera ya nyumba. Majirani zako wote wana haki, ila kila mmoja anakushauri kwa kazi yake yeye. Kosa ni kutaka njia moja kwa watu wawili. Asubuhi agana na mumeo hapohapo nyumbani.

Wewe ni mtu wa pantoni. Ukishuka upande wa Magogoni, Posta ya Zamani unafika kwa miguu, na siku ambayo miguu haitaki, kituo cha mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, cha Kivukoni kiko pale pale, jirani na soko la samaki la Feri. Nauli ya kuvuka ni shilingi 200 tangu mwaka 2012, ilipopanda kutoka 100. Tia hela kwenye N-Card yako, kadi ya kulipia nauli, jioni ukiwa umetulia nyumbani, maana asubuhi dirishani utakutana na watu wote waliosahau kufanya hivyo.

Mumeo ni mtu wa daraja. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, lina mita 680, na linamtua Kurasini. Kutoka hapo anashika Barabara ya Mandela: Tazara, Buguruni, Tabata, External, Ubungo. Mjini hagusi. Akivuka na wewe kwa pantoni ili tu muwe pamoja, atakuwa ameingia katikati ya jiji saa ambayo jiji zima linaingia, halafu aanze kulitafuta tena lango la kutokea. Mapenzi mazuri, lakini yataisha Februari.

Sasa nikwambie ninachowaambia wote wanaoniuliza gari lipi lina kasi. Mimi huwauliza: unabadilishia wapi? Hapa Dar muda hauliwi njiani sana kama unavyoliwa pale unaposhuka gari moja ukangoja jingine. Pantoni yenyewe inavuka kwa dakika chache. Kinachokuchosha ni foleni ya kuingia, kisha kungoja ijae, kisha kungoja meli. Ndiyo, meli. Pantoni inakatiza kwenye mlango wa bandari, kwa hiyo meli ya makontena ikiingia au ikitoka, ninyi mnasimama mpaka mkubwa apite. Hakuna mtu wa kulaumiwa. Toka nyumbani ukiwa na nafasi ya kusubiri meli moja, na siku isipokuja utakunywa chai mezani kwako.

Kingine, jua ni chombo gani kiko kazini. MV Magogoni, iliyoanza mwaka 2008, ndiyo kubwa, imetengenezwa kubeba watu 2,000 na magari 60. MV Kigamboni na MV Kazi ni ndogo zaidi. Siku ile kubwa ikiwa kwenye matengenezo, foleni unayoijua siyo foleni utakayoikuta. Muulize dereva wa bajaji anayekuleta, wao habari hizo wanazo kabla ya redio.

Na mtoto. Siku ukivuka naye, usisimame mbele langoni pamoja na vijana wanaotaka kuruka kabla chombo hakijatulia. Kaa pembeni, mgongo kwenye nguzo, ngoja lango lishuke lote, waache wakimbie. Ukiwa ndani ya gari la mtu, shuka, uvuke umesimama nje. Wengi huniona mwoga kwa hili. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, ndani ya Ziwa Victoria. Kilikuwa cha kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200. Kilikuwa kimebakiza hatua kufika gatini. Kwa hiyo ukiona pantoni imejaa mpaka unahisi pumzi ya mwenzako shingoni, rudi nyuma, panda inayofuata, na bosi akikasirika mwambie Bi Konda ndiye aliyekuzuia.

*

Bi Konda, jioni nasubiri gari la Gongo la Mboto pale Kariakoo. Wenzangu wanalifuata nyuma huko likiwa bado linakuja, wanalipa nauli mbili na kugeuza nalo. Likifika kituoni siti zote zimekaliwa. Hii siyo dhuluma kwa sisi tuliopanga foleni? — Nimesimama Sana

Foleni ipi, baba? Umeniandikia kuhusu daladala au benki?

Anayegeuza kanunua siti kwa hela yake. Konda anampenda kwa sababu amelipa mara mbili bila kupigiwa debe. Siyo dhuluma, ni bei. Dhuluma ni yule anayerusha mkoba dirishani akauita abiria, na huyo mimi nilikuwa namrudishia mkoba wake kwa dirisha lilelile. Kama huna hela ya kugeuza, usipigane na gari la kwanza. Ngoja la tatu. Wapiganaji wengi huishia kwenye mawili ya mwanzo. Na ukipata siti, akaingia mama mjamzito, usijifanye umelala. Tunawaona.

*

Shikamoo Bi Konda. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule iko mbali na nyumbani. Makonda wanamzuia mlangoni, wanasema "wanafunzi wawili tu". Juzi alifika kipindi cha tatu. Nimempa hela ya mtu mzima, lakini sitaweza kila siku. Nifanye nini? — Mama wa Chanika

Marahaba mama. Hili nitalijibu nikiwa nimekaa pande zote mbili za mlango, maana wengi wanaowatukana makonda hawajui hesabu ya gari inavyokwenda.

Daladala nyingi hazina mshahara. Tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake jioni, kiasi kilekile, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni juu ya dereva na konda. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chakula cha watu wawili, na siku wakichoka wakampa deiwaka, yule kibarua wa kuwashikia gari, na yeye ale. Nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 kwa ruti fupi, zisizozidi kilomita 10, ni 600. Mwanafunzi analipa 200. Kwa hiyo konda anapomtazama binti yako mlangoni saa kumi na mbili asubuhi haoni mtoto, anaona 400 inapungua, na nyuma yake kuna mtu mzima mwenye 600 mkononi. Serikali iliweka nauli ya mwanafunzi, ikaacha tofauti ilipwe na konda. Nimelisema hili tangu nikiwa kazini na nitalisema mpaka nizikwe.

Hiyo haimpi ruhusa ya kumwacha mtoto barabarani. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, na binti yako ana haki ya kupanda.

Fanya hivi. Apande mwanzo wa ruti, si katikati. Hata ikibidi atembee kurudi nyuma vituo viwili, gari tupu likiwa kituoni halina sababu ya kumkataa, tena pale huwa kuna msimamizi wa kituo anayetazama. Wasiende kundi la kumi mlango mmoja, konda akiona mashati meupe kumi anamwambia dereva "twende". Wawili wawili, magari tofauti. Awe na sare na kitambulisho, na 200 iwe mkononi tayari, isiwe noti ya elfu kumi ya kutafutiwa chenji.

Akikataliwa, asibishane. Aandike namba ya gari, saa na kituo, halafu wewe upeleke LATRA au kwa trafiki wa eneo hilo. Malalamiko yasiyo na namba ya gari yanaishia kwenye kikombe cha chai. Na kuna njia ya kienyeji ninayoiamini kuliko zote: mtafute konda mmoja wa ruti hiyo, mwenye umri wa kuitwa baba, mjue kwa jina, msalimie. Mwambie "huyu ni binti yako." Nilikuwa na watoto wa namna hiyo kwenye gari langu, na wengine leo wana vyeo, wakinikuta njiani wananiita mama.

*

Bi Konda, nasoma Dodoma, nyumbani ni Kimara. Nikirudi kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, nafika Dar usiku na mabegi. Nishukie wapi na nipandie nini? Na mdogo wangu ana swali lake: kwa nini treni ya TAZARA haiji pale pale stesheni ya mjini ili watu wabadilishe? — Mwanachuo

Swali la mdogo wako ni zuri kuliko lako, nitaanza nalo.

Haiwezi. Magurudumu hayalingani. Dar es Salaam ina reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati ya zamani, ile ya Mjerumani, ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA, iliyojengwa na Wachina miaka ya sabini kwenda Kapiri Mposhi huko Zambia, kilomita 1,860, ina milimita 1,067, ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika. SGR ina 1,435. Ukilichukua behewa la TAZARA ukaliweka kwenye reli ya Kati, halikai, kwa tofauti ya milimita 67, ambayo mdogo wako anaweza kuipima kwa rula ya shule. Ndiyo maana kule Kidatu, zinapokutana hizo reli mbili za zamani, mizigo hupakuliwa huku ikapakiwa kule. Na ndiyo maana stesheni ya TAZARA iko peke yake kwenye Barabara ya Nyerere, na anayetoka Mbeya akitaka kwenda Morogoro kwa SGR lazima apande daladala au bajaji katikati. Nchi imejenga reli tatu, na kiungo chake ni Coaster.

Mwaka 2012 tulionjeshwa. Oktoba mwaka ule zilianza treni za abiria wa mjini, watu wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Moja ilikuwa inatoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, nyingine ya TAZARA ikitoka Mwakanga hadi Kurasini. Zilijaa mpaka milangoni. Nilipanda ile ya Ubungo kwa udadisi tu. Tulipita nyuma ya nyumba za watu, nyaya za nguo na mabanda ya kuku, upande wa jiji ambao ukiwa kwenye gari huuoni, na hakuna taa nyekundu hata moja iliyotusimamisha. Basi, kila usafiri ule uliposimamishwa au kupunguzwa, mimi nilinuna. Hela ya barabara za juu tuliipata, ya mabehewa ya kuwarudisha watu Pugu inaombwa kama sadaka.

Sasa wewe, mwanachuo. Treni ya kawaida kutoka Dodoma ilipangiwa 31,000, na safari ya saa tatu na nusu hadi nne ukilinganisha na basi, sina la kukushauri hapo, umeshajishauri mwenyewe. Tiketi inabeba jina lako, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni, siyo chini kabisa kwenye begi. Na fika mapema, treni hii siyo daladala, haigongwi ubavuni ikasimama.

Ukifika Dar usiku, usitoke nje na kundi la kwanza. Wanaotoka kwanza ndio wanaopangiwa bei kubwa na bodaboda na teksi. Nenda chooni, kunywa maji, piga simu nyumbani. Baada ya hapo, kama mwendokasi bado yanatembea, kituo cha Gerezani hakiko mbali, lakini kwa mabegi na giza usitembee, chukua bajaji, patana kabla hujakaa. Gerezani ni mwanzo wa ruti, utapata siti na pahali pa kuweka begi, na gari linakupeleka moja kwa moja Kimara. Ukipandia Fire au Magomeni utasimama na begi kichwani. Ikiwa saa imeshakwenda sana, lala kwa ndugu wa Ilala. Kila mtu wa Kimara ana ndugu Ilala.

Wasomaji wangu wa Gongo la Mboto na Chanika, ninyi habari ni tofauti: treni za kawaida za SGR zina kituo Pugu. Kushukia mjini halafu kurudi Pugu kwa gari ni kulipa ili uteseke. Wakati wa kukata tiketi uliza kama treni yako inasimama hapo.

*

Bi Konda, mvua zikianza Jangwani inafungwa na sisi wa Morogoro Road tunabaki Magomeni kama wakimbizi. Kuna njia nyingine ya kufika Posta? — Manzese Argentina

Ipo, lakini uelewe kwanza unakimbia nini. Unaukimbia Mto Msimbazi. Mto huo unatoka huko Pugu, unapita Jangwani, unaingia baharini pale Salenda. Jangwani ni mahali pake pa kulala ukishiba, palikuwa hivyo kabla ya barabara, na hata karakana ya mwendokasi ilipojengwa palepale bondeni mto haukubadili tabia. Mabasi yaliyolala pale yamewahi kuamka yakiwa ndani ya maji. Dawa yake ni kunyanyua daraja na kuupa mto nafasi, na mradi wa bonde lile upo, wa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpaka utakapomalizika, mguu wako uwe mwepesi.

Mwendokasi yakiishia Magomeni, usisimame Mapipa kutazama maji. Watu mia wanayatazama na hayapungui. Panda la tawi la Morocco, linapita Barabara ya Kawawa, Mkwajuni, Kinondoni. Ukifika Morocco chukua daladala ya Posta inayopita Ali Hassan Mwinyi. Mto ni uleule, ila kule unauvukia karibu na bahari ambako una pa kwenda. Kama mvua ni ile ya usiku kucha, Mkwajuni nako huwa pabaya, na hapo ninakushauri uanzie Ubungo: Mandela hadi Tazara, halafu Barabara ya Nyerere kuingia mjini. Ni kuzunguka, najua. Kigogo usijaribu. Watakwambia "kunapitika". Wanaosema hivyo wana bodaboda na wanatafuta abiria.

Na usivuke maji yanayotembea kwa miguu, hata kama mbele yako yuko mzee mwenye suruali iliyokunjwa anayekuonesha kina. Yeye anakuonesha pale alipokanyaga yeye.

*

Shikamoo Bi Konda. Nimesahau mkoba kwenye daladala ya Mbezi, una vyeti vyangu vya shule. Nitaupata? — Nimechanganyikiwa

Marahaba. Vyeti huwa vinarudi, simu hairudi. Kaa chini ukumbuke: gari lilikuwa na mkanda wa rangi gani ubavuni? Kila ruti ina rangi zake, kwa hiyo hilo litakwambia uanzie kituo gani. Coaster au Hiace? Ulikaa upande gani? Nyuma paliandikwa nini, maana magari yetu yote yana maneno kioo cha nyuma, na makonda wanaitana kwa maneno hayo kuliko kwa namba. Ukisema "lile la Mungu Hachoki" kituoni utaelekezwa haraka kuliko ukitaja namba.

Nenda mwisho wa ruti jioni, siyo asubuhi. Asubuhi hakuna atakayekusikiliza. Kuanzia saa tatu usiku magari yanafagiliwa, na anayefagia ndiye anayeokota. Ongea na msimamizi wa kituo kwanza, kisha na mama anayeuza chai hapo, vitu vingi huachwa kwake. Usikose kuripoti polisi upate karatasi, utaihitaji kama ikibidi kuomba vyeti upya. Na uende na elfu tano ya kumshukuru aliyekutunzia, mpe hata kama hajaomba.